Glasi Aliyoimaliza Baba

Mutuini, Dagoretti Kusini,
Nairobi.
Tarehe 9 Machi.

Kwa mdogo wangu mpendwa Ryan,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kutoka kwa wote wanaokukumbuka hapa Mutuini, nao si wachache. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila mgongo unanisumbua kidogo kwa kuinamia mapipa. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema huko Ujerumani, na kwamba yale mafua uliyokuwa nayo tulipozungumza Jumapili yamekuacha. Kama daktari wa huko amekupa dawa chungu, usiifanyie mchezo. Unajua jinsi ya kuimeza. Simama wima, mtazame usoni anayekupa, vuta pumzi uifunge, uteremshe yote kwa mkupuo mmoja, kisha utabasamu kabla hujapumua. Ndivyo Baba alivyotufundisha pale nyumbani Funyula enzi za malaria, Mama akiponda kwinini kwenye kijiko nawe ukijificha chini ya kitanda. Alikuwa akisema mtu akikunja uso, dawa inapata kichwa, inajiona imemshinda. Mimi nilitabasamu hadi machozi yakanitoka. Wewe uliitema kwenye sare yangu ya shule, na sijasahau.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Kwenye simu mimi na wewe ni waoga, tuseme ukweli. Wewe unanieleza habari za baridi, mimi nakueleza habari za Mama, kisha mtandao unakatika nasi sote tunashukuru kimoyomoyo. Hili ninalotaka kukwambia halifai kusomwa ukiwa kwenye foleni ya basi. Kwa hivyo tafuta mahali ukae, halafu uendelee.

Mama yuko salama. Tangu tumzike Baba amekataa kabisa kurudi Nairobi. Anasema Nairobi alikuwa akija kwa ajili ya mtu, na mtu huyo sasa yuko Funyula. Anashinda kwenye shamba la mihogo na jioni anakwenda kukaa na kina shangazi. Najua uliyafuata mazishi kwa simu ya binamu yetu na kwamba picha ilikuwa ikikwama kila mara. Hukukosa mengi ya kutazama. Watu walikuwa wengi, mvua ilinyesha kidogo, na wanakwaya walivaa zile leso za buluu ambazo Baba mwenyewe aliwatilia rangi miaka iliyopita. Mama alipoziona ndipo alipolia kwa sauti.

Sasa nataka nikurudishe nyuma kwenye mambo ambayo mengi unayajua. Nivumilie. Nataka uyapitie tena pamoja nami, kwa sababu mimi niliyapitia yote bila kuyaona.

Unakumbuka hali ilivyokuwa mwaka ule maji yetu yalipoanza kuleta kesi. Karakana ya Baba ilikuwa ikitia rangi nyuzi za pamba za wasusi na wafumaji wa mjini, na maji yaliyobaki yalikuwa yakishuka kwenye mtaro hadi kijito, leo mekundu, kesho ya buluu. Wangeci, mama mwenye ploti hii tuliyopanga, ana nduma na sukuma wiki zake pale chini kando ya kijito, na alikuwa akija asubuhi kusimama mlangoni mikono kiunoni, akiuliza kama leo tunampikia supu ya nyanya au ya nini. Alikuwa akitania, lakini hakuwa akicheka. Kisha watu wa mazingira wakaja na notisi kwamba maji ya rangi yakionekana tena kwenye kijito, karakana itafungwa. Baba aliisoma notisi ile mara nyingi, akaiweka chini ya redio. Kazi ile ndiyo ilitulea sote wawili, na ndiyo iliyokuwa ikiwalisha wafanyakazi wake na nyumba zao.

Ndipo ukaja kutoka chuoni na habari zako za baiocha. Baba hakulipenda jina hilo, akayaita makaa ya kahawa, na mpaka leo hapa yanaitwa hivyo. Ulimweleza kwamba kiwanda cha kukoboa kahawa kina milima ya makapi na hakijui pa kuyapeleka, na kwamba makapi hayo yakichomwa ndani ya pipa lililofungwa, bila kupewa hewa, yanageuka makaa yenye vitundu vidogo visivyoonekana, na rangi ikipita humo inanaswa. Baba alikusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema amekuwa akihangaika tangu ujana wake rangi isitoke kwenye uzi, na sasa mwanawe amekwenda shule kujifunza kuitoa majini. Alisema hivyo akijivunia. Wewe ulidhani anakupinga, ukaanza kumweleza upya.

Mliunganisha yale mapipa matatu ya kuchujia maji kwa mikono yenu, la kokoto, la mchanga na la makaa. Siku mlipofungulia mara ya kwanza mimi nilikuwa nimekuja kwa likizo yangu fupi kutoka Kileleshwa, kwa yule mama niliyekuwa nikimfanyia kazi za nyumbani. Maji yaliingia juu yakiwa ya buluu nzito. Yalitoka chini yakiwa hayana kitu. Baba alivua kofia. Uliyapeleka kwenye mashine ya chuo ukarudi na karatasi inayosema kwamba rangi karibu yote imetoka, na hilo lilikuwa kweli, na bado ni kweli.

Kisha ikaja siku ya wageni, nami nikaomba ruhusa nikaja. Mwihaki, wa lile shirika lililotusaidia na mapipa, alikuja kutoka ofisi yao ya Kilimani na watu wa mazingira na wafadhili wawili, na Wangeci akapanda kutoka shambani kuja kuona. Baada ya wote kustaajabu, Wangeci alisema, nakumbuka vizuri, "Hayo ni maji ya kuangalia tu. Mimi siwezi kuyaamini." Baba akaingia ndani, akatoka na ile glasi yake ya kunywea maziwa ya mgando, akaikinga kwenye bomba la pipa la tatu. Akawaeleza kwamba kwetu mtu hampi mgeni kinywaji kabla yeye mwenyewe hajaonja mbele ya macho yake. Ndivyo babu alivyofanya na pombe, ndivyo Mama anavyofanya na uji mpaka leo. Mwenye nyumba anaonja, kisha anampa mgeni, na mgeni anakunywa bila wasiwasi.

Baba aliinua glasi na wewe ukashika simu ukampiga video. Mwihaki alinyoosha mkono ili naye apewe, kama desturi ilivyoelezwa. Lakini Baba hakumpa. Aliimaliza yote, akaigeuza juu chini, tone moja likaanguka, akatabasamu akasema kiu ya mwenye nyumba leo imezidi. Wote walicheka. Wangeci mwenyewe alicheka. Wewe ulimnong'oneza baadaye asije akaizoea, kwamba umepima rangi tu, hukupima mengine. Akakujibu kwamba glasi moja haiui mtu. Baada ya wiki chache mapipa hayo yakakupatia nafasi ya kusoma Ujerumani, tukakusindikiza uwanja wa ndege.

Hukujua ile video ilikuja kufanya nini baada ya wewe kuondoka. Ilizunguka. Mwihaki alikuwa akiwaleta watu kila wiki, wanafunzi, watu wa kaunti, watia rangi wenzetu kutoka sehemu nyingine, na kila kundi likishatazama mapipa lilikuwa likiulizia glasi. Bila glasi walihisi hawajaona kitu. Watu wa mazingira walikuwa wametuacha tuendelee kwa majaribio tu, kwa hivyo kila ziara ilikuwa kama mtihani, na Baba ndiye aliyekuwa akiufanya kwa niaba yetu sote. Aliikinga, aliinywa yote, aliigeuza juu chini. Siku nyingine wageni walikuwa wakija makundi mawili au matatu. Wafanyakazi wakaanza kumtania kwamba mzee anapenda kushangiliwa, na mimi pia nilimtania, kwamba desturi ya kwetu amekuja kuiharibu Nairobi, maana siku hizi mwenye nyumba anakunywa hadi mgeni anabaki na kiu.

Wakati huo ndipo presha yake ilipopanda. Ulijua habari hiyo, lakini nilikuficha ukubwa wake. Daktari alimkataza chumvi kabisa, akaniambia mimi, si yeye, kwa sababu aliona uso wake. Nikaacha kazi ya Kileleshwa nikahamia hapa nimpikie. Niliondoa chumvi yote jikoni, hata ile ya kwenye kikopo cha majani ya chai iliyosahaulika. Niliposonga ugali na kuchemsha mboga bila chumvi alikuwa akiketi akaitazama sahani kwa heshima, kama mtu aliyealikwa kwenye nyumba ya kigeni. Alikuwa akisema chakula changu kinamkumbusha hospitali, na kwamba nikiolewa nisimwambie mume wangu nani alinifundisha kupika. Lakini alikula. Alikuwa akimaliza kila kitu.

Hata pale karakanani nilimkataza kuyagusa magunia ya chumvi. Unajua kazi yetu, rangi ile haishiki kwenye pamba bila chumvi, na chumvi yenyewe si ya kijiko, ni ya gunia, kisha magadi yanafuata. Nilikuwa nikimwita Ngui, yule fundi wetu, aje apime na kuimimina, na Baba akae mbali. Kama kwamba Baba angeichota kwa viganja akaitia mdomoni. Nilikuwa nikijiona nimefunga kila mlango, Ryan. Nilikuwa najisifu hata kanisani.

Presha haikushuka. Kila tulipokwenda kliniki ilikuwa imepanda zaidi, na miguu ikaanza kuvimba. Daktari alibadilisha dawa, kisha siku moja akanitazama mimi, akamtazama yeye, akauliza ni nani kati yetu anayemdanganya, kwa sababu mwili huu unapata chumvi mahali fulani. Niliaibika mpaka nikatamani sakafu inimeze. Tulipofika nyumbani nilimgeukia. Nilimuuliza nimeacha kazi yangu kwa ajili ya nani, na kama anataka kufa aseme, ili nirudi Kileleshwa nikalee watoto wa watu wanaoshukuru. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Yeye alikaa kitandani akavua viatu taratibu, kisha akakubali. Alisema ni kweli, amekuwa akila mahindi ya kuchoma pale stejini kwa matatu, yale ya kupakwa ndimu na pilipili na chumvi, na wakati mwingine mayai.

"Nimekosea, mama," aliniambia. "Nitaacha."

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini, mtu akikiri mwenyewe? Kuanzia siku hiyo nilikuwa nikipekua mifuko ya koti lake kila jioni nikitafuta maganda ya mayai au karatasi ya mahindi. Sikuwahi kupata kitu, nikadhani amekuwa mjanja. Nilimnunia. Kuna siku nyingi sana za mwisho wa maisha yake ambazo nilimwekea sahani mezani bila kumsemesha, na yeye alikula ile mboga isiyo na ladha, akasema asante.

Kiangazi nacho kikaja, kijito kikapungua kikawa uzi mwembamba. Wangeci, ambaye sasa alikuwa akiyaona maji yetu yakitoka meupe kila siku na kumwagika mtaroni, alikuja kuomba tumwekee mpira wa maji uyateremshe kwenye nduma na sukuma zake. Ombi dogo, na tena ni mwenye ploti. Baba alikataa. Alisema ana mpango wa kuyarudisha kazini, ayatumie kusuuzia nyuzi. Wangeci alingoja, akaona hayarudishwi popote. Akaja tena, akakataliwa tena. Nduma zake zilikauka hata majani yakawa kama magazeti, na Jumapili moja baada ya ibada alimwambia Baba mbele ya watu kwamba hajapata kuona mwanamume mchoyo kiasi hicho, anayemnyima jirani kitu anachokimwaga. Baba alishika Biblia yake akaanza kutembea kuelekea nyumbani. Nilimwonea aibu. Nilipomuuliza njiani, alisema tu kwamba mvua iko karibu.

Mengine unayajua. Asubuhi ile wageni walikuwa wametoka tu, nami nilikuwa ndani nikifunga mafungu ya nyuzi za kupeleka mjini, nikasikia glasi ikianguka kwenye saruji. Nilimkuta amekaa kando ya pipa la tatu, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia haufanyi kazi. Kiharusi. Hospitalini hakusema tena neno nililoweza kulielewa. Mara moja alinishika kidole akakibana, akatikisa kichwa, na mimi nilimwambia asijali, nimemsamehe kuhusu yale mahindi. Nataka ujue kwamba nilimwambia hivyo. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake aliyoyasikia akiwa na fahamu zake.

Sasa nafika kwenye kilichonifanya nichukue kalamu.

Siku chache baada ya kurudi kutoka mazishini, Mwihaki alinipigia simu kwa upole sana akaniomba ruhusa ya kuleta wageni. Alisema watu wa mazingira wanataka kujua kama karakana itaendelea bila mzee, na kwamba kuna mkutano mkubwa unapangwa katikati ya mji ambako kazi yetu itaonyeshwa ili watia rangi wengine waige. Nilikubali. Ningekataaje? Nilifagia, nikafungulia mapipa, nikavaa leso safi. Wangeci naye alipanda na chupa ya chai mkononi. Hakuwa amekanyaga hapa tangu lile jambo la kanisani, na niliona amekuja kusema pole na kumaliza yaliyopita. Tulisalimiana bila kusema mengi.

Maji yaliingia ya zambarau, yakatoka hayana kitu. Wageni wakapiga makofi. Kisha mmoja wao akauliza iko wapi glasi. Wote wakanigeukia, na nikaelewa kwamba sasa mwenye nyumba ni mimi. Ile ya Baba ilivunjika siku ile, kwa hivyo nilichukua nyingine. Nikaikinga. Nikawaeleza kuhusu desturi, kwa maneno yale yale ya Baba, nao wakainamisha vichwa. Kabla ya siku hiyo, Ryan, sikuwahi kuyaonja maji yale hata kwa ncha ya ulimi. Nani angeyaonja? Alikuwapo yeye.

Nilipiga funda moja. Ilikuwa chumvi. Si chumvi ya kukisia, ni chumvi ya mtu aliyekosea akamimina mfuko mzima, na nyuma yake magadi, machungu, yanayoteleza kama maji ya sabuni ulimini. Makaa yako yalikuwa yamekamata rangi yote. Chumvi yetu ya magunia ilikuwa imepita katikati yake kama mtu anayepita sokoni bila kununua kitu.

Nilisimama na funda lile mdomoni. Niliwaona wageni. Nilimwona Ngui na wenzake wamejipanga ukutani wakiniangalia, kila mmoja na nyumba yake nyuma yake. Na nilimwona Wangeci, mzee wa watu, naye pia ana presha, ameweka chupa ya chai chini na kunyoosha mkono. Alitaka nimpe. Alikuwa amekuja kupatana, na alitaka kunywa baada yangu, kama desturi yetu inavyosema, kuonyesha kwamba sasa anatuamini. Mkono wake ulikuwa karibu kabisa.

Wakati huo ndipo nilipomwona Baba. Sikuhitaji kufikiri. Nilijua kwa nini hakumpa Mwihaki ile siku ya kwanza, na kwa nini hakumpa mgeni hata mmoja baada ya hapo. Nilijua kwa nini nduma ziliachwa zikauke. Nilijua kwamba pale stejini hakukuwa na mahindi wala mayai, na kwamba alikubali kosa ambalo hakulifanya ili niache kutafuta lile alilokuwa akilifanya. Alikuwa amelijua tangu funda la kwanza, wewe ukiwa umesimama mbele yake na simu. Angeweza kukunja uso. Angekunja uso, notisi ingetoka chini ya redio, nawe usingepanda ndege.

Basi nakiri kwako, wewe wa kwanza. Nilivuta pumzi nikaifunga. Niliimaliza yote, nikaigeuza juu chini, nikamtazama Wangeci usoni nikatabasamu. Nikamwambia kiu ya mwenye nyumba imezidi. Walicheka, wakasema mtoto wa mzee ni mzee. Mwihaki alinikumbatia. Niliwadanganya watu wote wale kwa tumbo langu, na kwa dakika ile, nisikufiche, nilijisikia vizuri, kwa sababu nilikuwa mahali alipokuwa yeye. Walipoondoka nilikwenda nyuma ya mapipa nikatapika, kisha nikakaa chini nikalia, nikimwomba msamaha kwa sauti kama mwendawazimu, mpaka Ngui akaja kuniinua.

Daktari nilimwendea nikamweleza. Ni mtu mwema, hakutaka kunivunja. Alisema presha ya Baba ilikuwa na sababu nyingi na hakuna anayeweza kusema ni zile glasi. Nilimuuliza zilimsaidia au zilimdhuru. Aliangalia meza yake.

Kesho yake niliteremka kwa Wangeci. Nilimkuta anapanda nduma upya. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama kwenye matope yake, na kwamba mpira ule aliouomba ungeliua shamba lake kwa chumvi na magadi, na kwamba Baba alishindwa kumwambia sababu bila kuifunga karakana. Aliliweka jembe chini. Kisha akasema, "Na mimi nilimwita mchoyo mbele ya watu wa kanisa. Mbele ya kanisa lote, Peres." Akakaa palepale ardhini na sketi yake ya nyumbani, nami nikakaa kando yake.

Halafu nilikwenda Kilimani nikamwambia Mwihaki, na baada yake watu wa mazingira. Sikuweza kuwa mwenye nyumba wa aina ile kwa mara ya pili. Mwihaki alilia, akasema wangepaswa kupima kila kitu, si rangi peke yake, na kwamba walilemewa na uzuri wa kile walichokuwa wakikiona. Mapipa yamefungwa tangu wiki iliyopita. Nimeandika kwenye lile la tatu kwa rangi nyekundu, SI YA KUNYWA, na Ngui na wenzake wamekwenda kutafuta vibarua vya mjengo. Karakana aliyoilinda Baba kwa koo lake nimeifunga mimi kwa maneno yangu. Sijui kama angenielewa. Siku nyingine nadhani angenielewa, siku nyingine nalala nikiwa na hakika kwamba nimemvunjia heshima kaburini.

Sikulaumu, mdogo wangu, na usithubutu kujilaumu kwa siri halafu unipigie hadithi za baridi. Ulisema rangi itatoka, na rangi ilitoka. Ulimwambia asiizoee. Ninachokuomba ni kazi. Uwaulize walimu wako huko chumvi inatolewaje majini, au rangi inashikaje bila chumvi nyingi namna ile, na kama jibu lipo uniletee, hata likichukua muda. Makaa ya kahawa bado yako kwenye magunia hapa, makavu, nimeyafunika vizuri.

Na ombi la pili. Uliniambia utaionyesha ile video mbele ya maprofesa wako. Usiionyeshe. Lakini kabla hujaifuta, itazame mara moja zaidi, ukiwa peke yako. Acha kutazama maji. Mtazame yeye. Amesimama wima. Anakutazama wewe usoni. Anavuta pumzi, anaifunga, anateremsha yote kwa mkupuo mmoja, na anatabasamu kabla hajapumua. Mimi na wewe pekee ndio tungeweza kulitambua tabasamu lile, na hatukulitambua.

Mama sijamwambia. Ningependa tumwambie pamoja utakapokuja, tukiwa tumeketi mmoja kila upande wake. Kwa sasa anakusalimu, anauliza kama unakula. Wangeci anakusalimu pia, na Ngui, na wanakwaya wote. Jivike nguo nzito, umalize dawa yako hata kama ni chungu, na ukipata nafasi uniandikie kwa mkono wako, nitafurahi.

Mimi bado napika bila chumvi. Najaribu kuichukua dukani na mkono unakataa. Leo nimekula ugali na mboga zile zile za Baba, na kwa mara ya kwanza nimemaliza sahani yote.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Peres